DAWA ZA AKILI, ZA KIFAFA NA ZA KULEGEZA MISULI: ANAYEMUUGUZA MGONJWA AJUE NINI

Leo naomba niwamegee kitu cha kazini kwangu, maana mimi ni nesi na nimekula chumvi kiasi huku ukanda wa dhahabu. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka aihifadhi aje aisome jioni, hasa kama nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za akili au za kifafa.

Nianze na kisa. Usiku mmoja hapa Buseresere aliletwa kijana wa duara, wenzake wamempakata kwenye pikipiki. Shingo imepinda upande mmoja, macho yanaangalia dari, ulimi unatoka nje na hawezi kuurudisha. Akili zake timamu kabisa, anasikia kila kitu, ila hawezi kuongea na jasho linamtoka. Mama yake akaniambia, "Nesi, huyu wamemtupia kitu. Asubuhi tunampeleka kwa mganga, mbuzi tumeshapata." Nikamuuliza swali moja tu: "Mama, wiki hii amechomwa sindano yoyote?" Akasema juzi alikuwa anapiga watu, akapelekwa mahali akachomwa sindano ya kumtuliza na kupewa vidonge vya kuendelea navyo nyumbani.

Jibu likawa limepatikana. Hiyo ilikuwa haloperidoli, na shingo kupinda ni moja ya madhara yake yanayojulikana, hutokea ndani ya saa chache hadi siku chache, hasa kwa vijana wa kiume. Tabibu wa zamu akaagiza promethazini ya sindano, na baada ya muda mfupi kijana akageuza shingo akaomba maji. Mbuzi akabaki hai.

Hoja yangu ya leo ndiyo hiyo. Dawa hizi zinafanya kazi kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, kwa hiyo madhara yake yanafanana sana na ugonjwa wenyewe, au na uchawi, au na ulevi, au na malaria. Anayeweza kutofautisha ni yule anayemwangalia mgonjwa kila siku: nesi wodini, na mama, mke au kaka nyumbani. Daktari anamuona kwa dakika kumi, wewe unalala naye nyumba moja.

TUNAZUNGUMZIA DAWA GANI?

Kundi la kwanza ni dawa za magonjwa ya akili. Humu kuna klopromazini (wengi wanaijua kwa jina la Largactil), ambayo ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, haloperidoli, na sindano ya flufenazini (Modecate) inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Siku hizi zipo pia risperidoni na olanzapini. Kwa sonona kuna amitriptilini na fluoksetini. Litiamu ipo pia, ila hiyo inataka vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Kundi la pili ni dawa za kifafa: fenobabitoni, ambayo ina zaidi ya miaka mia moja (ilianza mwaka 1912) na bado ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei, kisha kabamazepini, fenitoini na valproeti. Diazepamu inatumika kukatisha degedege linaloendelea.

Kundi la tatu ni za kulegeza misuli. Baklofeni kwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo na miguu ikawa inakaza yenyewe, diazepamu kwa mgonjwa wa pepopunda, vidonge vya mgongo ambavyo wachimbaji wanavijua sana, na zile kali za chumba cha upasuaji na ICU zinazopooza misuli yote ya mwili.

KABLA HUJAMPA DAWA

Maswali ya kuuliza si mengi lakini hayarukwi. Anatumia dawa gani nyingine, pamoja na za mitishamba? Anakunywa pombe, hasa gongo? Ni mjamzito au anatarajia? Ana shida ya ini au figo? Yuko kwenye dawa za TB au ARV? Anafanya kazi gani?

Hilo la kazi watu wanaliona dogo, kumbe huku kwetu ndilo kubwa. Dawa karibu zote hizi zinaleta usingizi na kupunguza wepesi wa mwili, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapoongezwa. Mtu wa kushuka duarani kwa kamba, wa karasha, dereva wa bodaboda, mvuvi wa usiku ziwani, wote hawa kusinzia sekunde tano kunatosha kuwaua. Mwenye kifafa ambacho hakijatulia asishuke duarani kabisa, asivue peke yake, asiendeshe pikipiki. Najua ni ngumu, mtu ana watoto. Basi mtafutieni kazi ya juu, kupima mifuko au kuuza duka. Msimwache bila kazi, maana anayekaa bure nyumbani ndiye anayeishia kutupa dawa.

MADHARA YANAYODANGANYA MACHO

Hapa naomba msome taratibu.

1. Shingo, taya au macho kupinda ghafla. Nimeshaeleza. Mpeleke kituoni haraka, yakishika koo anaweza kushindwa kupumua. Inatibika kwa promethazini, au kwa benzeksoli (Artane) akipewa na tabibu.

2. Kutotulia. Mgonjwa hawezi kukaa, anatembea mbele na nyuma, akikaa miguu inacheza, usiku halali. Ndugu wanasema "ugonjwa umerudi," na dozi inaongezwa. Hapo anazidi! Mara nyingi hiyo ni dawa yenyewe. Muulize, "Unasikia sauti tena, au mwili ndio unakataa kukaa?" Akisema mwili, mwambie daktari kabla dozi haijapanda. Usilichukulie poa, maana mateso haya yamewafanya wengine watake kujiua.

3. Kuyumba kama mlevi. Anayetumia fenitoini akizidiwa na dozi anapepesuka, ulimi mzito, macho yanachezacheza. Mtaani wanamcheka kwamba amepiga gongo. Mnuse, muulize, kisha arudi kliniki.

4. Kizunguzungu akisimama. Klopromazini inashusha presha mtu anapoinuka. Mfundishe akae kwanza kitandani, ahesabu hadi ishirini, ndipo asimame. Dawa hiyo hiyo inafanya ngozi iungue na jua, kwa hiyo kofia na mikono mirefu shambani.

5. Vipele vya ngozi. Kwa kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, vipele vikitokea wiki za mwanzo, hasa pamoja na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, si vya kupaka mafuta. Ngozi inaweza kuchunika mwili mzima. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na hapa daktari ndiye atakayesimamisha dawa na kuweka nyingine.

6. Fizi kuota kufunika meno. Ni fenitoini. Mswaki mara mbili kwa siku unasaidia.

7. Mtoto kuwa mtundu kupita kiasi. Fenobabitoni inaweza kumfanya mtoto ashindwe kutulia darasani. Mwalimu aambiwe kabla hajamchapa.

HOMA AMBAYO SI MALARIA

Hili limestahili kichwa chake. Huku kwetu homa ikipanda tunawaza malaria, na tuko sawa, apimwe. Lakini mgonjwa anayetumia haloperidoli, klopromazini au Modecate akipata homa kali, mwili ukawa mgumu kama ubao, akachanganyikiwa, jasho likamtoka na mapigo ya moyo yakaenda mbio, usiishie kwenye kipimo cha malaria. Hata kikisoma kwamba anayo! Kuna hali adimu lakini ya kuua inayoletwa na dawa hizi. Dozi inayofuata isitolewe, apoozwe mwili, apewe maji, na akimbizwe hospitali kubwa. Zamani kufika Bugando kutoka huku kulikuwa ni kusubiri kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kwa hiyo sababu moja ya kuchelewa imeondoka.

Jambo jingine ni joto lenyewe. Dawa za akili nyingi, na Artane pia, zinapunguza uwezo wa mwili kutoa jasho. Mtu yuko ndani ya shimo, hakuna hewa, maji hanywi, anaanguka. Anayetumia litiamu ndiyo hatari zaidi: akiharisha, akitapika au akikaukiwa maji, litiamu inajaa kwenye damu na kuwa sumu. Dalili ni mikono kutetemeka kwa nguvu, kutapika, ulimi kuwa mzito. Na asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kiholela, nazo zinaipandisha.

KUTETEMEKA: NI DAWA AU ZEBAKI?

Dawa za akili zinaweza kuleta mtetemeko wa mikono na mwendo wa kuburuza miguu. Lakini ukanda wetu una kitu kingine. Wanaochoma dhahabu wanavuta mvuke wa zebaki, na zebaki inaleta kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahausahau. Yaani mtu anaweza kuandikwa mgonjwa wa akili kumbe ni sumu ya kazini. Au ana ugonjwa kweli, na zebaki inamwongezea. Kwa hiyo ukimpokea mgonjwa wa namna hii muulize: "Unachoma dhahabu? Wapi, jikoni?" Wako wanaochomea jikoni, watoto wakiwa pembeni. Andika jibu kwenye faili ili daktari alione.

DAWA KUGONGANA

Wachimbaji wanapata TB kwa urahisi kwa sababu ya vumbi la mwamba, na wengi wako kwenye ARV. Rifampisini ya TB inaharakisha mwili kuondoa dawa nyingi, zikiwemo za akili na za kifafa. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni nazo zinapunguza nguvu ya ARV, ikiwemo dolutegraviri iliyo kwenye kidonge cha siku hizi. Hata dawa ya mseto ya malaria inapungua nguvu kwa anayetumia kabamazepini au fenitoini, kwa hiyo homa isipokatika arudi mapema. Mgonjwa abebe kadi zake ZOTE kila anapokwenda, ya TB, ya CTC na ya kifafa, na aziweke mezani bila aibu. Nesi, usizisome mbele ya foleni.

Pombe ni hivyo hivyo. Gongo juu ya fenobabitoni au diazepamu inaweza kusimamisha pumzi usingizini.

KINA MAMA

Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinapunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti vya mkononi. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi vinabaki imara. Wapo waliobeba mimba na kijiti mkononi wakadhani wamechezewa na mhudumu.

Valproeti ni habari nyingine. Kiasi cha mtoto mmoja kati ya kumi waliokaa tumboni kwa mama anayeitumia huzaliwa na kasoro, na watoto 3 hadi 4 kati ya kumi wanapata shida ya makuzi ya akili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe dawa hii. Lakini anayeitumia sasa hivi ASIIACHE MWENYEWE. Aende abadilishiwe kwa mpango, kabla hajabeba mimba ikiwezekana. Mwenye kifafa anayetaka mtoto aanze mapema vidonge vya foliki asidi.

Kifafa cha mimba ni ugonjwa tofauti na kifafa cha kawaida, na dawa yake ni magnesiamu salfeti. Wauguzi wenzangu mnajua: kabla ya kila dozi, anapumua angalau mara 16 kwa dakika? Ukigonga goti mguu unaruka? Mkojo unatoka, angalau mililita 30 kwa saa? Kimoja kikikosekana dozi inasubiri, na kalsiamu glukoneti iwe karibu na kitanda, isiwe kabatini na funguo kaondoka nazo mtu wa zamu ya mchana.

AKIANGUKA MBELE YAKO

Angalia saa. Ondoa moto, mawe na vitu vyenye ncha. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza shati shingoni. Usimshike kwa nguvu, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimpe dawa ya kumeza. Akitulia mlaze ubavu. Povu haliambukizi, mguse tu. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, hiyo ni dharura.

Kituoni, diazepamu ipitie mshipa taratibu, kwa mtu mzima isizidi miligramu 5 kwa dakika, au ipitie njia ya haja kubwa kama mshipa haupatikani. Kwenye msuli inafyonzwa polepole, haifai hapo. Ambu iwe mkononi, uhesabu pumzi, upime sukari ya damu.

DAWA ZA KULEGEZA MISULI

Pepopunda bado ipo, na mguu uliochomwa na chuma cha duarani ni mlango wake. Mgonjwa wake anawekwa chumba chenye giza na ukimya, kwa sababu mlango kugongwa tu unaweza kumkaza mwili mzima. Kazi zote, kugeuza, kusafisha, sindano, zipangwe kwa pamoja baada ya dozi kuingia, ili asiguswe guswe. Ukiona amelala sana hesabu pumzi kabla hujafurahi.

Aliyefukiwa na kifusi akavunjika mgongo, miguu ikakaza, anapewa baklofeni. Inampa nafuu, ila inaweza kumlegeza hata akashindwa kujihamisha kitandani, kwa hiyo dozi inapanda taratibu. Ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala. Misuli ikianza kukaza ghafla kuliko kawaida, tafuta sababu kwanza: kibofu kimejaa, choo kigumu, kidonda. Mara nyingi ni hiyo.

Na zile kali za ICU na upasuaji, wadau, zinapooza misuli tu. Hazimlazi mgonjwa wala haziondoi maumivu. Anaweza kuwa amelala kama maiti, mashine inampumulia, na anakusikia kila neno. Dawa ya usingizi na ya maumivu lazima ziende pamoja. Ongea naye, mwambie unachotaka kufanya, mfumbe macho yasikauke, na usiongelee maiti ya jana juu ya kichwa chake.

Vidonge vya mgongo vya dukani navyo vinasinzisha. Usimeze asubuhi ukapanda bodaboda.

KUACHA GHAFLA NDIKO KUNAKOUA

Nimeliweka mwisho ili mliondoke nalo. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi lisikome. Baklofeni ikikatwa ghafla inaleta degedege, homa kali na kuona vitu visivyokuwepo. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ni hivyo hivyo. Za akili zikiachwa, ugonjwa unarudi, mara nyingi baada ya wiki au miezi, wakati watu wameshasahau kwamba aliacha.

Kwa nini wanaacha? Kwa niliyoyaona mimi: amepona, anaona za nini tena. Zimeisha kituoni, nauli hakuna. Ameombewa akaambiwa azitupe. Zinamsinzisha. Mke hataki. Mengi ya haya yanatatulika kwa mazungumzo. Anayesinzia ahamishiwe dozi ya usiku. Nauli shida, apewe za miezi miwili, ila za amitriptilini zikae kwa ndugu kama amewahi kutaka kujiua, maana pakiti moja inasimamisha moyo. Anayeombewa aombewe, na dawa ameze.

Tanzania tumewahi kuona hili kwa macho. Pale Mahenge, Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta mwishoni mwa miaka ya 1950 wagonjwa wa kifafa wenye makovu makubwa ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka jikoni wakiamini povu linaambukiza. Akaanzisha kliniki, dawa kubwa ikiwa fenobabitoni. Yeye na Profesa Rwiza walitoa mwaka 1992 matokeo ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa miaka 30. Kiasi cha nusu, kifafa kilinyamaza kabisa. Lakini wengi walikuwa wameshafariki, na sehemu kubwa ya vifo vilitokana na kifafa chenyewe: degedege lisilokoma, kuzama majini, kuungua. Kidonge rahisi kiliwatuliza nusu ya watu. Kila siku ambayo kinakosekana, moto na maji vipo pale pale.

Yule kijana wa duara bado namuona. Amebadilishiwa dawa, yuko juu anahesabu mifuko karashani, na mama yake ndiye anayeshika vidonge. Juzi alinipita barabarani na kikapu akanicheka, "Nesi, yule mbuzi amezaa."

Kwa leo niishie hapo. Mwenye mgonjwa nyumbani, usiku wa leo hesabu vidonge vilivyobaki. Kama havifiki wiki, kesho anza safari ya kliniki.

Naomba kuwasilisha.